Hapo Geuza

Kimara Suka, saa kumi alfajiri.
Umeme umekatika au Luku imeisha,
sikumbuki; giza lilikuwa lilelile.
Mama hakuwa na saa jikoni.
Alikuwa na chuma cha mashimo saba
na Baba Yetu.

Akimimina rojo la mchele, anaanza.
Akifika kwenye riziki, ananyamaza,
anachomeka kijiti, anageuza
kimoja, kingine, hadi cha saba,
kisha anaendelea na makosa yetu
kana kwamba hakuna kilichotokea.
Amina: vitumbua vinaingia kwenye ungo.

Nilidhani ndivyo sala ilivyoandikwa.
Nilidhani Mungu mwenyewe, akifikiwa hapo,
husubiri mafuta yatulie.

Miaka kumi na minne, darasa la kipaimara,
benchi la tatu, nyuma ya maturubai ya harusi,
Mwalimu Mwakalobo akaita: Aikande, simama, sema.
Nikasema. Nikafika kwenye riziki.
Nikanyamaza.
Mkono wangu wa kulia ukazunguka hewani mara saba.
Darasa likaangua kicheko;
Gwamaka alicheka hadi kalamu ikamdondoka.
Mwalimu hakucheka. Aliandika kitu
kwenye daftari la mahudhurio,
na Alhamisi, jogoo wa akina Mushi hajawika,
tukasikia hodi.

Alikalia ndoo iliyofudikizwa.
Aliungua vidole viwili.
Alikula vinne, akalipa vitano,
na Jumamosi akaliambia darasa zima
linyamaze mahali palepale.
Tukanyamaza.
Nikasikia tumbo la Gwamaka likinguruma.
"Haya," mwalimu akasema, "sasa endeleeni."

Mwaka uliofuata mama alilazwa Mloganzila.
Hakuna aliyenihubiria.
Jumuiya walipanga zamu kwenye karatasi,
wakaibandika kwa uji mlangoni pa jiko:
Jumatatu Mama Kokusiima,
Jumanne Mama Tusajigwe,
Jumatano yule mhasibu wa benki
ambaye hatukuwahi kumwona na mwiko.
Kila mmoja alisali kwa mwendo wake.
Vya Mama Kokusiima viliungua,
maana alisali kama anayejibu barua ndefu;
vya mhasibu vilitoka vibichi katikati.
Wateja wakala, wakanung'unika, wakalipa.
Ada yangu ya muhula ule
ililipwa na vitumbua vibovu.

Sitasema sikupotea.
Nilipofika chuo, Jumapili zangu
niliwapa usingizi na nguo za kufua.
Miaka miwili. Mama, amepona, amekonda,
hakunigombeza. Kila Jumamosi usiku
alinitumia kwa simu jina la mtu
aliyeniulizia kanisani. Jina tu.
Mhasibu.
Mzee wa maturubai.
Gwamaka, yuko likizo, anasema bado unamdai kalamu.
Kisha siku moja:
Wiki hii hakuna aliyeuliza. Mimi tu.
Nikatafuta pasi.

Sasa nina jiko la gesi
na simu inayolia dakika zikitimia.
Vitumbua nanunua.
Kile chuma kilinadiwa kwenye sikukuu ya mavuno,
mhasibu akapandisha bei mpaka watu wakaguna,
akaondoka nacho kwenye gazeti.

Mwanangu Ombeni ana miaka mitano,
hajawahi kukiona.
Jana mezani tulimwambia aombe yeye.
Akafumba macho kwa nguvu, akaanza,
akafika kwenye riziki,
akanyamaza.

Baba yake alidhani amesahau,
akafungua kinywa amkumbushe.
Nikamshika mkono.
Kimoja.
Kingine.